Figo za mtoto zinahesabiwa akiwa bado tumboni

Hii ndiyo hotuba niliyotoa Jumamosi kwa akina mama wa vikoba hapa Tanga. Wengi mlikwama na mvua, wengine mmenipigia simu mkitaka kujua nilisema nini, basi nimeiandika kama nilivyoongea, zile picha za ukutani nimeziacha, na maswali nimeweka machache mwishoni.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni mama zangu mliokaa mbele, hamjambo wadogo zangu, na nyie wababa mliojibanza kule nyuma karibu na mlango nawaona, msitoroke, leo na nyie mna sehemu yenu.

Mimi ni mkunga. Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, baadaye nikahamishiwa kliniki ya kisukari, kwa hiyo watu wengine nimewaona mara mbili, namzalisha mama, miaka inapita, halafu namwona tena ana kadi ya sukari mkononi. Na siku hizi nimeanza kuwaona wale watoto wenyewe. Vijana kabisa, wana miaka ishirini na kitu, presha juu, ukipima mkojo una protini. Ndio maana nilipoombwa niongee kuhusu kisukari nikasema habari ya miguu na macho mmeshaisikia redioni mpaka mmechoka, leo naongea habari ya figo, tena sio figo zako wewe mama, naongea figo za mtoto ambaye bado hujamwona hata sura.

Niwaulize. Figo za mtu zinatengenezwa lini?

(Hapo mmoja akasema akizaliwa, mwingine akasema anavyokua, mama mmoja akasema akianza kunywa maji.)

Jamani, zote hapana. Figo zinatengenezwa tumboni na kazi inaishia huko huko. Sikilizeni vizuri maana mengine yote nitakayosema yamesimama hapa. Ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana, havionekani kwa macho, madaktari wanaviita nefroni. Kila figo moja kwa wastani ina vichujio kama milioni moja. Nimesema kwa wastani, maana watu tunapishana vibaya sana, wapo waliohesabiwa baada ya kufa wakakutwa na laki mbili na ushee tu kwenye figo moja, na wapo waliokutwa na zaidi ya milioni mbili, na wote walikuwa wanatembea barabarani kama mimi na wewe. Vichujio hivyo vinachuja kama lita 180 kila siku, yaani zile ndoo za lita ishirini ni tisa, halafu karibu maji yote yanarudishwa mwilini, unachokwenda kukojoa ni lita moja na nusu, mbili.

Sasa mtoto anaanza kutengeneza vichujio hivyo lini? Figo zenyewe zinaanza mimba ikiwa na wiki ya tano. Wiki ya tano! Nani hapa wiki ya tano alikuwa ameshajua ana mimba? Wengi ndio kwanza unajiuliza mbona siku zimepita. Na kazi inakwisha wiki ya 34, ikichelewa 36. Zaidi ya nusu ya vichujio vinatengenezwa kwenye ile miezi mitatu ya mwisho. Baada ya hapo ndio basi, mtoto akishatimia hatengenezi kichujio kipya hata kimoja maisha yake yote. Figo itakua, na vile vichujio vitatanuka, lakini idadi ni ile ile aliyotoka nayo, na kuanzia hapo kazi ni kupungua tu kwa umri na magonjwa. Ndio maana watoto njiti tunawahofia figo zao hata wakishanenepa, wametoka kabla hesabu haijatimia.

Idadi ikiwa ndogo kuna shida gani? Si mtu anaweza kuishi na figo moja?

Anaweza, na wanaomchangia ndugu figo wanachunguzwa kwanza na wanaishi vizuri. Lakini ngoja niwape kisa cha Ujerumani. Mwaka 2003 madaktari wa kule walichukua figo za watu ishirini wa makamo waliokufa kwenye ajali. Kumi walikuwa na presha, kumi hawakuwa nayo, umri na urefu na uzito wamelinganishwa. Wakakaa wakahesabu vichujio, kazi ya kuchosha hiyo. Wale wasio na presha walikuwa na kama milioni moja na laki nne kwa kila figo. Wale wenye presha walikuwa na kama laki saba. Nusu! Na tena hawakukuta makovu mengi ya vichujio vilivyokufa, maana ungesema labda presha ndiyo iliyoviua, ila kwa walivyoona ni kama wale watu walizaliwa navyo vichache toka mwanzo. Huko Boston daktari mmoja wa figo anaitwa Barry Brenner na wenzake walikuwa wameshalisema jambo hili tangu 1988, kwamba mwenye vichujio vichache ndiye anayepanda presha, na wengi wakaona ni nadharia tu.

Inakuwaje? Chukua shamba la kulimwa na watu kumi ukawaachia watu sita, na mwenye shamba anataka limalizike jioni ile ile. Watalima, na mwanzoni watamaliza kweli, hutaona tofauti. Ila watachoka mapema, mmoja ataanguka, watabaki watano na shamba ni lile lile. Vichujio ndivyo vinavyofanya, vikiwa vichache kila kimoja kinatanuka kinabeba zaidi, miaka inapita vinaanza kupata makovu, vinaacha protini ipite kwenye mkojo, presha inapanda, na presha nayo inaviua vilivyobaki. Na muda wote huo mtu haumwi popote! Figo hailii.

Haya. Sasa kisukari cha mama kinaingiaje hapo?

Kuna mama mmoja nilimzalisha zamani, simtaji, na hata akiwa humu ndani hamtamjua. Mtoto alitoka na kilo 4.8. Wodi nzima shangwe, bibi wa mtoto anapiga vigelegele, "amezaa dume la nguvu," na mimi mwenyewe nikasema mashaallah. Saa chache baadaye mtoto anatetemeka, amelegea, hanyonyi. Kupima sukari ya mtoto, imeshuka imefika 1.4. Tukamkimbiza akawekewa dripu ya sukari, na alipona, nashukuru. Lakini jiulizeni, mtoto mkubwa vile, amenona vile, sukari inamshukaje mpaka anatetemeka?

Jibu alilitoa daktari wa Copenhagen, Denmark, Jørgen Pedersen, miaka ya hamsini. Sukari ya mama inapita kwenye kondo la nyuma inakwenda kwa mtoto. Insulini ya mama, ile homoni inayoshusha sukari, haipiti. Mnaona mchezo huo? Sukari inapita, insulini haipiti. Kwa hiyo mama akiwa na sukari 11, mtoto naye anaogelea kwenye sukari nyingi, kongosho lake dogo linahangaika kutoa insulini yake mwenyewe kupambana na sukari ambayo si yake, na insulini ikiwa nyingi kwa mtoto inamnenepesha. Siku anakatwa kitovu, sukari ya mama imekatika ghafla, insulini yake bado imejaa, ndio anashuka. Yule mtoto wa kilo 4.8 alikuwa anatuonyesha maisha aliyoishi tumboni miezi yote ile. Na mama yake alikuwa hajapimwa sukari kwenye damu hata mara moja, huko alikokuwa anahudhuria walipima mkojo wakamwambia uko safi. Mkojo peke yake hautoshi jamani, mama anaweza kuwa na kisukari cha mimba na mkojo ukawa safi.

Sasa unene tunauona, figo hatuzioni. Figo inavyojengwa ni hivi, kijibomba kimoja kinaota, kinaingia kwenye nyama laini iliyo jirani, kinagawanyika matawi mawili, kila tawi linagawanyika tena, na tena, na kwenye ncha ya kila tawi ndiko vichujio vinakozaliwa. Matawi yakiwa machache na vichujio vinakuwa vichache. Na zile chembe za ncha zinapeana ishara, wewe ota, wewe gawanyika, wewe simama. Sukari ikizidi ishara zinavurugika na chembe nyingine zinakufa kabla ya wakati wake.

Hili limejaribiwa kwa panya. Mwaka 1999 watafiti wa Paris walichukua panya wenye mimba, wengine wakawapa kisukari, wengine wakawaongezea tu sukari kwenye mshipa kwa siku chache pale figo za watoto zinapoanza kujengwa. Watoto walizaliwa na vichujio pungufu, kuanzia asilimia 10 mpaka 35. Siku chache tu za sukari! Mwaka 2008 wengine wa Montreal, Canada, wakafanya kwa panya wadogo wa maabara wakakuta hivyo hivyo, figo ndogo, vichujio pungufu, na chembe zilizokufa kabla ya wakati.

Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo, sisi sio panya.

Kweli sio panya. Na mtu hai huwezi kumfungua figo ukamhesabia. Kwa hiyo twendeni Marekani, Arizona, jangwani, kwenye mto unaitwa Gila. Pale wanaishi watu wanaoitwa Wapima, wenyewe wanajiita Akimel O'odham. Walikuwa wakulima hodari, wanamwagilia mashamba kwa mifereji, wanalima mahindi na maharage na maboga, mpaka karne ya 19 ilipokuwa inaelekea mwisho walowezi wa juu ya mto wakachepusha maji. Mto ukakauka, njaa ikaingia, baadaye chakula kikawa unga mweupe wa msaada na mafuta ya nguruwe. Halafu kisukari kikaja, kikaja kwa kiwango ambacho dunia ilikuwa haijakiona. Kuanzia 1965 serikali ya Marekani iliweka watafiti pale, wanawapima watu wale wale kila baada ya muda, mama anapimwa akiwa na mimba, mtoto wake anapimwa akiwa mdogo, anapimwa akiwa mtu mzima, yaani familia moja wanaifuata kizazi na kizazi. (Mimi kisa hiki huwa kinanichoma, maana wale watu wameifundisha dunia nzima ugonjwa huu na wao wenyewe ndio wameumia kuliko wote, lakini hiyo ni hotuba nyingine.)

Mwaka 1998 wakatoa hesabu moja. Walichukua watu wa Pima ambao wote tayari wana kisukari, wakapima protini kwenye mkojo, maana hiyo ndiyo dalili ya mwanzo kwamba vichujio vinavuja. Wale ambao mama zao hawakuwa na kisukari, waliokutwa na protini ni watu kama 40 kwa kila 100. Wale ambao mama zao walikuwa na kisukari wakati wa mimba yao, 58 kwa kila 100. Na kundi la tatu ndilo nataka mlikamate. Wale ambao mama zao walikuja kupata kisukari baadaye, mtoto ameshazaliwa, walikuwa 43, karibu sawa na wale wa kwanza. Mnaelewa maana yake? Damu ya ukoo ni ile ile, mama naye ana asili ya kisukari, lakini kama sukari haikuwa imepanda wakati mtoto yuko ndani, figo za mtoto zimesalimika zaidi. Ukipiga hesabu ya umri na mengine yote, aliyekaa kwenye tumbo lenye sukari uwezekano wake wa kuvuja protini ulikuwa karibu mara nne.

Na mwaka 2000 wakatoa nyingine ambayo mimi naipenda zaidi, ya ndugu wa tumbo moja. Mama yule yule, nyumba ile ile. Mtoto mmoja kazaliwa kabla mama hajapata kisukari, mdogo wake kazaliwa baada ya mama kupata. Yule mdogo ndiye aliyekuja kupata kisukari mwenyewe mara nyingi zaidi kuliko kaka yake au dada yake. Wakaangalia na kwa baba, watoto waliozaliwa kabla baba hajapata kisukari na baada, tofauti hamna. (Wababa wa nyuma wakacheka hapo, nikawaambia msicheke bado.) Kwa hiyo mtoto wa tumbo lenye sukari anapigwa mara mbili, figo zake zinaweza kutoka na vichujio pungufu, na yeye mwenyewe ana nafasi kubwa ya kupata kisukari ambacho kitakuja kuvipiga hivyo hivyo vichache.

Sasa naona nyuso zimebadilika. Kuna mama hapa anahesabu mimba zake kichwani, nilikuwa na sukari mimba ya nani. Mama yangu, sikuja kukuhukumu. Kisukari cha mimba hakiji kwa sababu ulikula maandazi. Kondo la nyuma lenyewe linatoa homoni zinazozuia insulini isifanye kazi vizuri, kila mwenye mimba zinamgusa, wengine kongosho linahimili na wengine linashindwa. Na sio kila mtoto wa mama mwenye kisukari ana figo mbovu, wengi wako salama kabisa. Naongea hatari, siongei hukumu.

Tufanye nini basi. Hapa nitakwenda kwa vipande, kingine kirefu kingine kifupi.

Cha kwanza kinawahusu wale ambao tayari wana kisukari na bado wanazaa. Dada, wewe kliniki yako inaanza kabla ya mimba. Nimesema figo zinaanza wiki ya tano, wengi wetu kliniki ya wajawazito tunaanza mimba ina miezi minne, wakati huo msingi umeshachimbwa. Na sukari ikiwa juu sana wiki zile za mwanzo, hatuongelei tena vichujio pungufu tu, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro za maumbile, moyo, uti wa mgongo, mwingine anazaliwa hana figo moja au njia ya mkojo imeziba. Kwa hiyo ukitaka kuzaa, nenda ukapime kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, wanaita HbA1c, tunataka iwe chini ya 6.5 ikiwezekana, na ikiwa juu ya 10 tunakuomba usubiri kwanza, tumia uzazi wa mpango tuishushe. Wababa, hapo ndipo mnapoingia. Mke ana kisukari na wewe unamwambia mwaka huu lazima tupate mtoto, hutaki kusikia habari ya kusubiri miezi sita. Hiyo miezi sita ni figo za mwanao.

Cha pili ni dawa, na hapa naomba simu zizimwe. Wenye kisukari wengi wanapewa dawa za presha za kundi la captopril, enalapril, lisinopril, na jamaa zake kama losartan. Ni dawa nzuri sana, zinalinda figo za mgonjwa, mimi mwenyewe nazigawa kila siku. Lakini kwa mwenye mimba ni hatari, hasa kuanzia miezi ya kati kwenda mwisho. Zinazima figo za mtoto. Mnajua yale maji ya uzazi yanatoka wapi? Kuanzia katikati ya mimba sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Figo zikizimwa mkojo hakuna, maji yanakauka, mapafu hayakui, mtoto anaweza kuzaliwa asikojoe kabisa. Sasa usitoke hapa ukatupa vidonge chooni, presha nayo inaua mama na mtoto! Ukijihisi mimba, au ukiwa unaitafuta, nenda na boksi la dawa, mwambie daktari nina mimba, atakubadilishia, zipo zinazofaa kama methyldopa na nifedipine. Na zile za maumivu tunazonunua dukani kama karanga, diclofenac na ibuprofen, mwenye mimba asinywe bila kuambiwa na daktari. Marekani mwaka 2020 walitoa onyo rasmi kwamba kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji. Mgongo ukikuuma kuna paracetamol.

Cha tatu kipimo. Mimba ikiwa wiki ya 24 mpaka 28 kuna kile kipimo cha kunywa sukari, unakuja hujala, unapimwa, unakunywa gramu 75 za glukosi, unapimwa baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2013, kabla ya kula ikifika 5.1 tayari ni kisukari cha mimba, baada ya saa moja ikifika 10, baada ya saa mbili ikifika 8.5. Namba hizi ni ndogo kuliko za mtu asiye na mimba, kwa hiyo mtu asikwambie 5.6 ni kawaida mama, wewe una mimba. Na kama mama yako ana kisukari, au ulishazaa mtoto wa kilo nne na zaidi, au una uzito mkubwa, omba upimwe siku ya kwanza kabisa ya kliniki, halafu upimwe tena wiki hizo. Wakikuambia hapa hatuna hicho kipimo, uliza wapi kipo. Uliza. Usiogope kuonekana mjuaji.

Chakula nitasema kidogo maana kila mtu anawasema. Tanga yetu hii asubuhi chai ya maziwa sukari vijiko vinne na mahamri ya nazi, mchana wali, jioni wali, katikati juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari robo kilo, halafu tunashangaa. Kula, lakini gawanya, ugali mdogo samaki mkubwa mchicha mwingi, chai isiwe na sukari, na utembee baada ya kula. Wengi wanashuka kwa hivyo tu. Wasioshuka wanapewa vidonge vya metformin au sindano ya insulini, na hapa sindano msiiogope, nimeshasema insulini yako haipiti kwenda kwa mtoto, kinachopita ni sukari. Sasa kipi bora, wewe uchomwe sindano au mtoto aogelee kwenye sukari?

Cha mwisho, na hiki ndicho kinachoniudhi mimi, ni mtoto mwenyewe baada ya kuzaliwa. Mama aliyekuwa na kisukari cha mimba tunamwambia rudi baada ya wiki sita upimwe tena, na wachache wanarudi. Lakini mtoto? Kadi ya mtoto imejaa chanjo na uzito, na hakuna mahali panaposema mama yake alikuwa na sukari. Anafika miaka mitano, kumi, kumi na tano, hajawahi kupimwa presha hata siku moja, anakuja kupimwa akiwa na miaka 27 kwa sababu anataka leseni au anaumwa kichwa, na hapo kreatinini, ule uchafu wa damu unaopanda figo zikishindwa, imeshapanda. Mashine ya kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, maisha yote, au upandikizwe, na kupandikiza hapa nyumbani Muhimbili walianza 2017 tu. Wakati kupima presha ni dakika tatu. Kwa hiyo andika mwenyewe kwa peni kwenye kadi ya mwanao, "mama alikuwa na kisukari cha mimba." Akifika miaka mitatu kila mnapokwenda hospitali sema naomba apimwe presha. Mkojo apimwe protini mara moja moja. Asinenepe hovyo, anyonyeshwe vizuri, chumvi isizidi, na zile dawa za maumivu asizizoee.

Maswali yalikuwa mengi, naweka matatu.

Bibi mmoja aliuliza kama kuna mti au majani ya kuchemsha ya kuongeza figo za mjukuu. Hamna bibi. Hakuna mti wala kidonge cha hospitali kinachoongeza vichujio, na mitishamba mingine ndiyo inayoviua, tumeshawapokea.

Mdogo wangu mmoja mwenye mimba ya miezi saba, sukari imeonekana wiki iliyopita, akauliza si nimeshachelewa. Hujachelewa. Miezi saba mtoto bado anatengeneza vichujio mpaka wiki ya 34, 36, kila wiki unayoishusha sukari sasa hivi inamsaidia, na unamkinga asiwe mkubwa kupita kiasi na asishuke sukari akizaliwa. Lengo lako asubuhi kabla ya kula iwe chini ya 5.3, saa moja baada ya kula chini ya 7.8.

Na baba mmoja, alisimama kule kule mlangoni, ana mtoto wa miaka tisa aliyezaliwa kilo 4.6 na mama yake alikuwa na sukari, akauliza aanzie wapi. Anzia presha, lakini hakikisha mkanda wanaomfunga ni wa mtoto. Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba unasoma chini ya ukweli, watakwambia yuko sawa kumbe hayuko. Na wasome kwa jedwali la watoto, umri na urefu, maana 125 kwa wewe bado hatujaiita presha, kwa mtoto wa miaka tisa ni ya kufuatilia. Mkojo upelekwe ule wa kwanza wa asubuhi. Akasema kituo chao hakina mkanda wa mtoto, nikamwambia Jumanne amlete kliniki kwangu kabla ya saa nne, tunao mmoja, na wenye ukumbi walikuwa wameshaanza kukusanya viti vyao ikabidi tutoke.